Mrututu wa Mwalimu Kaanaeli

Mwalimu Kaanaeli Sumari alitufundisha jiografia pale Akheri, kwetu Umeruni, miaka ile ya Mwingereza, na kama kuna mtu aliyeheshimu maji, ni yeye. Ndiye aliyekuwa mzee wa mfereji uliopita katikati ya migomba yetu. Ukifulia nguo ndani yake alikutoza mbuzi, hata uwe shemeji yake. Watu walimnung'unikia, lakini maji yalikuwa safi.

Siku moja mwaka 1954 alichora mto wetu ubaoni, akaushusha hadi mto Kikuletwa, kisha Pangani, mpaka baharini.

"Bahari haina mlango wa nyuma," alisema. "Kinachoingia kinabaki humo. Mkilima ukingoni mwa mto, udongo unasombwa, unakwenda kufunika majani ya chini ya bahari ambako samaki hula na kuficha watoto wao. Mkimwaga sumu, samaki mdogo anaimeza, samaki mkubwa anammeza mdogo, na mtu anamla huyo mkubwa."

Arafa, binti wa Sefu fundi cherehani, nusura aruke dawati. "Mwalimu, Pangani ndiko kwa bibi yangu! Anakula samaki kila siku!"

Tulimcheka. Wameru wengi wakati ule hatukumhesabu samaki kuwa chakula.

Jumamosi mimi na Arafa tulikwenda kukata majani ya ng'ombe bondeni, chini ya shamba la mwisho linalopata maji ya mfereji. Tulimkuta Mwalimu anasuuza bomba lake la kupulizia dawa mtoni. Alikuwa ametoka kupulizia kahawa mrututu, ile dawa ya buluu, na buluu yake ikawa inateremka na maji. Bomba lile zito alikuwa amelibeba mgongoni mwendo mrefu, ili tu asiuchafue mfereji. Kwake yeye, na kwetu sote, mfereji ulikuwa na wenyewe, mto wa bondeni haukuwa na mtu. Hakutuona. Alipoondoka, vijisamaki vilianza kuelea ubavu.

Jumatatu Arafa alinyoosha mkono darasani.

"Mwalimu, mrututu wa Jumamosi sasa umefika wapi?"

"Mrututu gani?"

"Uliosuuza mtoni. Samaki walikufa. Hata Lydia aliona."

Mwalimu akanigeukia. Lydia ndiye mimi. Baba yangu naye alikuwa akisuuza bomba lake palepale, nami nilijua.

"Sikuona kitu, Mwalimu," nikasema.

Arafa alichapwa viboko vinne kwa kumsingizia mkubwa. Hakulia. Aliniangalia mimi tu, na hata leo nikiandika haya uso unaniwaka kwa aibu.

Mwalimu hakulifundisha tena somo lile. Lakini alichimba shimo nyuma ya kibanda chake, akawa anamwaga humo maji ya bomba, na kwenye mkutano wa mfereji akaomba sheria ya mfereji ishuke mpaka mtoni. Wazee wenzake walicheka mpaka wakashika mbavu. "Kaanaeli sasa anachunga samaki wa Waswahili!" Msimu uliofuata aliomba tena, wakamkatalia tena, na ikawa hivyo kila mwaka.

Miaka sita ikapita. Arafa alikuwa ameolewa Kijenge, mjini, na Mwalimu, ambaye macho yalikuwa yameanza kumsumbua, aliniomba nimpeleke kwake. Mlangoni alivua kofia.

"Arafa mwanangu, nilikuchapa kwa kusema kweli. Aibu ilikuwa yangu, nikaitua mgongoni kwako. Nisamehe."

Mimi nilitazama chini. Sikuwahi kumwona mwalimu akimwomba mwanafunzi radhi, na nilitamani ningekuwa nimebaki nyumbani.

"Shikamoo, Mwalimu. Karibu ndani," Arafa alisema, akamshika mkono kumvusha kizingiti. Alimketisha, akamtilia chai. "Wewe nilishakusamehe siku nyingi. Ulikuwa mtu mzima uliyefumaniwa na watoto. Ungefanya nini?"

Kisha akanitazama, macho yaleyale ya darasani.

"Niliyekuwa namngoja aje ni Lydia."

Nami nilikuwa nimekuja kumsindikiza Mwalimu tu.