Kofi Nililompiga Chebet

Nakumbuka asubuhi moja ya Januari 2008, mzazi mwenzangu kijana, shule zikiwa bado zimefungwa kwa sababu ya vurugu za baada ya uchaguzi. Nilikuwa fundi wa nguo mjini Nakuru, mama kijana mwenye mdomo mkali. Binti yangu Chebet, wa miaka kumi na moja, nilikuwa nikienda naye kazini kwa kuogopa kumwacha nyumbani. Siku hiyo nilimruhusu aende saiba, duka la intaneti la jirani, akacheze kwenye kompyuta.

Dakika kumi hazikuisha. Alirudi mbio, akanishika sketi.

"Mum, kompyuta imefungua picha mbaya za watu wakubwa. Sikujua kuzima."

Wateja wawili walinigeukia. Aibu ikanipanda hadi masikioni, nikampiga kofi.

"Nani alikutuma uangalie uchafu?"

Hakulia. Alienda nyuma ya cherehani, akaanza kuokota vipande vya kitambaa.

Mama Jasbir, mzee wa Kihindi aliyeuza vitambaa duka la pili kutoka langu, alisikia, akangoja wateja watoke.

"Mama Chebet, mtoto ameogopa, akakukimbilia wewe. Kesho atamkimbilia nani? Ongea na yeye leo."

Niliahidi. Jioni nikampikia chapati, nikamkataza kurudi saiba, basi. Lile jambo lenyewe sikuligusa. Sikujua nianzie wapi. Hata mimi sikuwahi kuambiwa na mtu.

Akiwa kidato cha pili, mwanamume mmoja wa mtaani alianza kumtumia picha kama zile kwa simu. Miezi mitatu mizima! Nilikuja kusikia kutoka kwa dada yangu, ambaye tayari alikuwa amempeleka Chebet polisi kuripoti. Nikamuuliza Chebet mbona hakuniambia.

"Mum, wewe nilikuambia mara moja."

Hapo ndipo nilipomwomba msamaha kwa lile kofi.

Sasa wewe unalea, mwanangu. Simu ya mtoto iwekee masharti, ndiyo, na uiangalie. Lakini siku atakapokuja kukuambia ameona kitu, meza hasira kwanza. Mshukuru kwa kuja. Mwambie hana kosa, msikilize, kisha umweleze polepole kwamba yale aliyoyaona si mapenzi. Ukikosa maneno, kiri kwamba umeyakosa, lakini usiondoke. Na kama ulishampiga, muombe msamaha leo hii. Mimi nilichelewa.

Mungu akutulize moyo na mkono siku hiyo, na watoto wako wasiogope kamwe kukuita.