Kishingo Aliyekula wa Mwisho

Harufu ya pumba za mahindi zilizolowekwa hunirudisha Somanda ya utoto wangu kabla hata sijajua kuwa ninarudi. Kila asubuhi mama alizikoroga kwenye karai lililotoboka pembeni, akachanganya na ukoko wa ugali wa jana, na kabla hajaliweka chini uwanja mzima ulikuwa umejaa mbawa. Nyumba yetu ilikuwa upande ule wa Bariadi ambako mji na shamba vilikuwa bado havijaachana: mbele duka na barabara, nyuma mtama na mbuzi wa jirani. Wenzetu walijivunia redio kubwa na makochi. Sisi tulikuwa na majogoo wawili, na sikuona hao wenzetu wametuzidi nini.

Wa kwanza tulimwita Mwenyekiti. Alikuwa mwekundu, mkia wake ukimeta kijani, na alitembea taratibu kana kwamba uwanja ulisubiri ahutubie. Tatizo lake lilikuwa uongo. Aliinamisha kichwa, akaita ko-ko-ko kama jogoo aliyeokota punje, na mitetea ikija mbio ilikuta udongo mtupu na yeye anaizunguka kwa ubawa mmoja ulioshushwa. Kuku si wajinga. Mkono mtupu haulambwi, na msimu ule hata mitetea michanga ilikuwa imeacha kumgeukia. Wa pili alikuwa Kishingo, shingo tupu nyekundu isiyo na unyoya, sura ya mtu aliyevuliwa shati kwa nguvu. Yeye akiita, chakula kipo. Aliokota punje, akaidondosha, akaiokota tena hadi vifaranga vifike, ndipo akarudi nyuma kuvitazama vikila. Mwewe akipita juu alitoa mlio mmoja mrefu mwembamba, na vifaranga vikapotelea kwenye mtama; paka akinyemelea alipiga kelele za kukatika-katika, na wote wakainua shingo. Nilizijua sauti zile kiasi kwamba hata nikiwa ndani nilijua nitoke nikitazama juu au chini. Nilimpenda Kishingo, na nilitamba naye shuleni kama wengine walivyotamba na kaka zao.

Ilikuwa kiangazi, pamba imeshavunwa na mashamba yako wazi, baba alipopata habari kwamba Babu Masanja anakuja kutoka Lagangabilili. Babu Masanja alikuwa mjomba wa baba, ndiye aliyemlea baada ya wazazi wake kufariki, na alikuwa hajawahi kulala kwetu hata siku moja. Kwetu mgeni wa heshima hachinjiwi kuku kabla hajamwona. Huletewa akiwa hai, akamshika kwa mikono yake, akampima uzito, akashukuru. Tangu hapo kuku ni wake, na mwenyeji hana tena neno. Baba aliwatazama majogoo wake, akaamua. "Huyu Mwenyekiti ni manyoya tu," alimwambia mama. "Ukimnyonyoa hubaki na kitu. Kishingo ndiye mnono."

Babu alipofika na kuketi, kazi ikawa kumkamata. Kishingo aliujua mkono wenye mtama na mkono uliofichwa mgongoni. Baba alipomwendea, aliruka juu ya bati. Baba alijaribu kwa upole, kisha kwa mawe, kisha kwa maneno ambayo mama alimwomba ayapunguze kwa sababu ya mgeni. Mwishowe akaniita mimi. Nilichuchumaa na kiganja cha mtama, Kishingo akashuka akaja moja kwa moja, nikambeba moyo wake ukidunda kwenye kifua changu. Nilipiga magoti mbele ya mgeni, nikamsalimu Kisukuma.

"Mwadila, babu."

"Mwadila, mayu," akaitikia, akiniita mama. "Kumbe huyu ndiye wangu?" Akamchukua, akampima. "Mzito kweli."

Hapo nilipaswa kuinuka na kwenda jikoni. Sikuinuka. "Babu," nilisema, "huyu huwa hali mpaka vifaranga vishibe."

Baba alikohoa kile kikohozi chake ambacho watoto wote wa nyumba ile walikijua. Lakini Babu Masanja alinitazama, akamtazama jogoo kwa mshangao. "Bebe! Jogoo gani huyo? Leteni mtama nione." Akamweka chini. Kishingo alijikung'uta, akaokota punje, akaita, na vifaranga vikaja kutoka chini ya ghala na nje ya uzio, vikala miguuni pake. Mwenyekiti alipoona watu wamekusanyika, naye akainama akaita kwa sauti kubwa zaidi. Hakuna hata mtetea mmoja aliyegeuka. Babu alicheka hadi akafuta machozi.

"Sasa wewe," alimwambia baba, "unataka kunilisha mlezi?"

"Basi mjomba, abaki. Tutakuchinjia yule mwingine."

"Yule mchinjeni. Lakini huyu nimeshamshika. Nitaondoka naye."

Nani angebisha? Mila ilikuwa imesema. Jioni ile tulimla Mwenyekiti, na baba alikuwa sahihi kuhusu manyoya. Firigisi ni ya mgeni, msichana haigusi. Babu Masanja aliitoa kwenye bakuli lake akaniwekea kiganjani mbele ya wote, na baba akatazama chini akitabasamu. Asubuhi Kishingo aliondoka ndani ya tenga nyuma ya baiskeli, shingo yake tupu ikichungulia nje. Nililia, na nilikuwa na fahari, vyote pamoja. Husemwa jogoo wa shamba hawiki mjini. Wa kwetu alitoka mjini akaenda kuwika shambani, na mwaka uliofuata babu akatuletea mwana wa Kishingo, shingo tupu vilevile.

Siku hizi bado naishi Somanda. Bodaboda huzima sauti za asubuhi, nyumba zina kuta ndefu, na mgeni hupiga simu tayari yuko njiani, ukakimbilia dukani kununua kuku aliyekwisha kunyonyolewa, asiye na kichwa wala tabia. Tunashiba, siwezi kukana, ila hatumjui tuliyemla. Mimi nimebaki na ukoo wa Kishingo nyuma ya nyumba, na majirani wanaocheka shingo tupu za kuku hao huja wenyewe kuomba mayai ya kuatamiza.

Juzi baba, mzee sasa, alikuja kunitembelea. Nilimpelekea jogoo akiwa hai, nikapiga magoti kama zamani. Alimshika, akampima. Kisha akamweka chini, akaomba mtama, akaumwaga. Jogoo aliita, vifaranga vikaja mbio, naye akarudi nyuma kuvitazama.

"Huyu simli," baba akasema. "Lakini nimeshamshika."

Niliinuka kwenda kutafuta tenga.