Ng'ombe wa Abrahamu Kule Madibira

Jumapili iliyopita, kanisani kwetu hapa Iringa, somo lilikuwa lile la Abrahamu na Lutu, pale wachunga mifugo wao wanapogombana na wao wawili wanaachana. Mzee wa kanisa alisoma haraka haraka akapita. Mimi sikupita naye. Nilibaki palepale kwenye ule ugomvi, na nikajiona tena nina miaka kumi, nimekaa barazani kwa bibi yangu Madibira, vumbi la mpunga limenijaa kwenye nywele.

Bibi ndiye aliyenilea, maana mama alikuwa akifanya kazi Mbeya mjini. Alikuwa Mhehe wa Kilolo, Mlutheri kindakindaki, aliyeteremka bondeni na mumewe kufuata skimu ya kumwagilia mpunga, halafu akabaki mjane na shamba lake na mdomo wake. Mdomo huo wote waliuogopa, hata mwanawe, baba yangu mdogo, aliyekuwa akiishi nyumba ya pili.

Chumba cha uani Bibi alikipangisha kwa mwalimu wa hisabati wa sekondari. Mwalimu alizaliwa upande wa Moshi na Kiswahili chake kilikuwa kama chetu, kisafi zaidi tu, lakini alikuwa Myahudi. Babu yake alikuja zamani kutoka Yemeni kufanya biashara, watoto wakazaliwa huko Moshi, wakabaki. Pale kijijini hakuna aliyewahi kumwona Myahudi nje ya Biblia. Wiki za kwanza watu walikuja kuazima jembe ambalo hawakulihitaji, ili wamwone tu.

Nikwambie jinsi Jumamosi zetu zilivyokuwa. Tangu jua la Ijumaa lizame mpaka Jumamosi giza liingie, kwa sababu ya Sabato yao, mwalimu hakuwasha moto wala hakushika kalamu. Bibi hakuweza kuvumilia mpangaji wake ale chakula cha baridi, basi wakaelewana. Ijumaa alasiri mwalimu aliwasha moto mwenyewe, Bibi akapika wali na maharage kwenye sufuria ya mwalimu, akaizungushia blanketi kuukuu na kuifukia ndani ya gunia la pumba za mpunga. Kesho yake mchana mimi ndiye niliyeifukua. Mpaka leo sijala wali mtamu kama ule, umeshikamana kidogo, una harufu ya pumba, na bado unatoa mvuke.

Tukishakula, mwalimu alileta kitabu chake, kile kinachosomwa kutoka kulia kwenda kushoto, ambacho mimi nilidhani anakifungua kwa kukosea. Torati yao wameigawa mafungu, kila wiki ina fungu lake, na Jumamosi hiyo Wayahudi wa kila nchi wanasoma hapohapo. Alisoma kwa lugha yao polepole, kisha akatugeuzia kwa Kiswahili. Habari zenyewe Bibi alizijua. Alichokipenda ni maswali ya marabi, wale walimu wa kale wa Kiyahudi, ambao walikaa na mstari mmoja kama mtu anayechambua mchele kwenye ungo. Kwa nini neno hili limewekwa hapa? Hili nalo linafanya nini? Bibi alikuwa akipiga paja lake na kusema, "Hao watu walikuwa na muda!" Halafu anasogeza kigoda karibu.

Sasa, mwaka ule Novemba iliingia bonde limekauka kabisa. Kitu kibichi pekee kilikuwa vitalu vya mpunga kando ya mfereji. Ng'ambo ya mfereji aliishi jirani mfugaji, aliyekuja na familia na ng'ombe wake kutoka Usukumani. Mkewe alizoea kutuletea maziwa mgando, na Bibi alimpa mboga. Ijumaa moja nikiwa natoka shule nilisikia yowe la Bibi kutoka mbali. Nilipofika, ng'ombe walikuwa ndani ya kitalu chetu, vichwa chini, wanakula kimya kimya, na Bibi anawapiga kwa mchi wa kinu huku analia. Sijawahi kumwona akilia kabla ya siku ile. Kitalu kikiliwa, hakuna miche ya kupandikiza, na msimu umekwenda.

Baba mdogo na vijana wenzake waliwaswaga wale ng'ombe mpaka ofisi ya kijiji. Jirani akaja na wanawe wakubwa, wana fimbo. Baba mdogo alikuwa na panga. Mwenyekiti wa kitongoji aliingia katikati, mikono juu, akaomba ng'ombe waachiwe na kikao kikae Jumapili baada ya ibada.

"Kikao cha nini?" baba mdogo alifoka. "Jumapili wanahama. Wote."

Bibi hakumpinga. Mke wa jirani alipompa pole, Bibi alitazama pembeni.

Jumamosi tulikula, baba mdogo naye akiwepo. Mwalimu alikileta kitabu, akakaa nacho magotini hajakifungua.

"Mama," alisema, "leo tupumzike tu. Tusisome."

"Wenzako dunia nzima wanasoma, wewe ndiye uruke?" Bibi alisema. "Fungua."

Akafungua. Ndipo likaja hilo la wachunga mifugo wa Abrahamu na wa Lutu. Baba mdogo, ambaye kwa kawaida alikuwa hasikilizi, aliacha kuchokonoa meno.

"Waligombania nini hasa?" Bibi aliuliza.

Mwalimu alivuta pumzi. "Maandiko yanasema nchi haikuwatosha. Ila marabi wanasema ng'ombe wa Abrahamu walikuwa wakitoka wamefungwa midomo, wasile shamba la mtu njiani. Wa Lutu walitoka midomo wazi. Watu wa Abrahamu wakawauliza wale wa Lutu, je, kuiba kumeruhusiwa? Nao wakajibu kwamba nchi hii Mungu amemwahidi Abrahamu, naye hana mtoto, mrithi wake ni Lutu. Kwa hiyo ng'ombe wanakula chao."

"Lakini ilikuwa bado ina wenyewe!" Bibi alisema.

"Ndiyo maana palepale imeandikwa kwamba Wakanaani walikuwa wakikaa katika nchi. Marabi wanasema neno hilo halikuwekwa bure."

Baba mdogo alisimama. "Basi kesho nalisema hilo kikaoni. Jirani yetu ni Lutu. Na Lutu alihama!"

"Kaa chini, kaka," mwalimu alisema. "Hiki ndicho nilichokiogopa. Sijamaliza."

"Maliza," Bibi alisema.

"Marabi hawakumwacha Abrahamu hivihivi. Yuko mmoja aliyesema Mungu alikasirika siku ile Lutu alipoondoka. Kwamba mtu huyu anawakaribisha watu wote, kila mpita njia, halafu mtoto wa ndugu yake mwenyewe anashindwa kukaa naye."

"Abrahamu? Mungu amkasirikie Abrahamu?"

"Ndivyo alivyosema rabi mmoja, Mama. Wengine walisema Mungu alikasirika Abrahamu alipokuwa bado akikaa na Lutu. Walibishana."

Kuku waliingia mpaka kwenye sufuria na Bibi hakuwafukuza. Mwishowe alisema, kama anayezungumza na nafsi yake, "Na mimi pia nilikuja hapa kutoka Kilolo." Akaingia ndani.

Jumapili kwenye kikao watu walisema mengi, na waliotaka familia ile ihame walikuwa wengi. Bibi aliposimama, baba mdogo alitabasamu, akidhani mama yake anakwenda kuwalipua. Lakini Bibi alimgeukia jirani, akasema, "Ng'ombe wako wameniliza. Sitaki uhame. Nataka mkeo aje tumwage mbegu upya, nataka maksai wako walime shamba langu, na nataka ng'ombe wako wakipita kwangu wawe wamefungwa midomo."

Watu walicheka. Jirani hakucheka. Aliinamisha kichwa akasema, "Mama, kosa ni langu. Mtoto alilala kwenye kivuli. Hayo mawili nimekubali. Ila ng'ombe kufungwa mdomo, hiyo umeitoa wapi?"

"Uliza kwa Abrahamu," Bibi alijibu.

Siku chache baadaye jirani alionekana kwenye ukingo wa mfereji, fahari wake wa mbele amevishwa kikapu cha matete mdomoni. Kuwafunga wote asingeweza. Aliwafunga wale watundu, waliobaki akawapitisha kwa njia ya juu. Kijiji kizima kilitoka kutazama. Fahari alikuwa na sura ya mtu aliyetukanwa, na hata baba mdogo alicheka mpaka akashika ukuta.

Mke wa jirani alikuja na bintiye, tukamwaga mbegu upya, miguu imezama kwenye tope. Maksai walilima. Mpunga wetu ulichelewa kuliko wa wote, lakini ulikuja, na wakati wa kuvuna wana wa jirani walipiga mashuke pamoja na baba mdogo kwenye turubai moja.

Mwalimu alihamishwa, nami nikaja kusoma huku Iringa. Miaka ikapita. Jirani naye alihamia Chunya kutafuta malisho, kwa hiari yake. Bibi alipofariki hatukujua pa kumtafuta, lakini habari zilimfikia. Aliingia msibani mchana, mzee sasa, vumbi la njia nzima liko mabegani. Baba mdogo alinyanyuka kwenye kiti chake, akampokea mkoba, akamkalisha hapo mahali pa ndugu wa marehemu. Walikaa tu bega kwa bega mpaka tukaenda makaburini.

Nyumba ile haipo tena, na barazani pale sasa kuna mashine ya kukoboa. Nashukuru niliiwahi. Nilikuwa mtoto, sikujua kwamba napewa kitu. Nilidhani ndivyo watu wanavyoishi, kwamba kila nyumba bondeni ikishakula Jumamosi mchana inakaa chini kubishana mpaka ipate namna ya kuishi na jirani.