Samaki Mufu ku Kitambaa cha Harusi

Mukono wangu wa kushona haukuharibiwa na vita. Vita iliharibu mengine. Mukono uliharibiwa na watu wawili, na nitawataja kwa kazi yao: animatrisi, mwenye kusimamia atelie ya kushona ya wanawake pale kambi ya wakimbizi ya Mantapala, na muke wa pasta wetu.

Animatrisi alipita nyuma ya viti kila juma, akigusa broderi zetu, mapambo ya uzi, na kusifu kwa Kifaransa. "Trébien, mama. Trébien." Mwenzetu alishona kuku wa miguu mitatu, akaambiwa trébien. Muke wa pasta yeye: "Mama, achana na sindano, ulime mihogo." Hakuna hata mumoja kati yao wawili aliyeweka kidole mahali na kusema: hapa ni muzuri, hapa ni mubaya.

Halafu familia ya wavuvi wa Kashikishi ikanipa kazi: kitambaa cha meza ya harusi, samaki katikati, maji kumuzunguka. Kazi yangu ya kwanza inje ya kambi. Mama wa bwana-arusi akiikataa, njo nitalima mihogo, na muke wa pasta atacheka mbele ya kanisa nzima. Animatrisi alimuona yule samaki. Trébien.

Nikamupelekea yule mama wa bwana-arusi ku soko, kule anauzisha samaki. Ni Mubemba, Kiswahili chake ni cha kuuzisha samaki, hakina sukari. Akageuza kitambaa, akaangalia mugongo, kule nyuzi zinafungiwa.

"Nyuma muzuri. Maji muzuri. Samaki amekufa."

"Amekufa namna gani, mayo?" nikauliza, nikimuita mama kwa Kibemba.

"Weye ulimuona wapi?"

"Ku soko."

"Ee! Ku soko samaki bote ni maiti!"

Wauzaji wenzake wakacheka. Mumoja akauliza: "Sasa tunakuja ku harusi ao ku matanga?"

Sikucheka. Miaka mingi niliuzisha samaki, wakavu na wa chumvi. Muzima sikuwa nimemuangalia hata siku moja.

Akanishika mukono mpaka ku mutumbwi uliofika sasa hivi, akatia samaki mumoja mu beseni ya maji. "Angalia kinywa. Anafungua kidogo, anafunga. Wako amepanua kama mwenye kulilia ndugu. Pezi ya mugongo huyu imesimama. Ya wako imelala." Hakuniambia nifanye nini. Aliniacha nichuchumae pale mpaka magoti yakauma.

Nilifumua samaki peke yake, maji nikayaacha. Nilifumua kwa hasira, na yule mama pia nilimukasirikia, halafu nikashona samaki upya, kinywa kidogo, pezi imesimama. Matundu ya sindano yakabaki pale kinywa cha kwanza kilipokuwa. Nikayapitishia uzi munene wa bluu, rangi ya maji.

Siku ya harusi, kabla ya chakula, mama yule alipitisha kiganja juu ya kitambaa. Kikasimama ku ule uzi munene.

"Hapa ulificha."

"Ndiyo, mayo."

"Acha. Ni maji." Akachukua sahani ya ubwali, ugali wao, akaiweka pembeni, si juu ya samaki.

Animatrisi naye alialikwa. Akainama kidogo: "Trébien, mama."

Nikamuuliza: "Wapi? Weka kidole."

Alikuwa amekwisha kugeuka, anatafuta kiti.