Kusalimia kwa Mkono Ndani ya Mvuke

Ofisini walijua naenda formation, mafunzo ya kazi ya wiki mbili Bruseli, na hiyo ilikuwa kweli. Mama naye alijua hivyo, na parokiani waliniombea safari njema. Sababu ya pili niliibeba peke yangu. Nina miaka thelathini na minne, na tangu nikiwa internat, shule ya bweni, najua kwamba moyo wangu unaenda kwa wanaume. Nilikuwa sijawahi kumwambia mtu. Na nikirudi tu, baba mdogo angepanda kijijini Nyantende na wazee wa ukoo kupeleka posa kwa akina Nsimire, mwalimu wa shule ya msingi ambaye tulikuwa tumechumbiana naye miaka miwili, na ambaye hana kosa lolote ila kunipenda. Kabla ya siku hiyo nilitaka niingie mara moja, mara moja tu, mahali ambapo sidanganyi. Ninyi mnaosoma mkiwa Bukavu mtanihukumu baadaye. Kwanza tusafiri.

Jumapili asubuhi, mpakani Ruzizi. Nsimire alinisindikiza mpaka kwenye kizuizi, akanifunga vifungo vya koti kimoja kimoja.

"Kule baridi haina huruma," akasema. "Na usinisahau."

"Nitakusahau namna gani?"

Nilitaka kumwambia pale pale, lakini foleni ilisogea, nikasogea nayo. Ng'ambo, upande wa Rwanda, nilipanda basi la Kigali. Katika msitu wa Nyungwe ukungu ulikuwa mzito hadi dereva akawasha taa mchana, na mimi nilikuwa bado nashika vifungo vya koti. Usiku huohuo nilikuwa ndani ya ndege.

Bruseli, siku nne za kwanza. Darasa, kahawa, darasa. Anwani ya ile sauna ya wanaume niliipata kwa simu, nikaisoma mara nyingi hadi nikaijua kwa kichwa. Alhamisi walituachilia mapema. Nilipita mbele ya ule mlango mara tatu, kama mtu anayetafuta duka la viatu. Mara ya nne nikasukuma.

Aliyekaa mapokezi aliniuliza kwa Kifaransa kama ni mara yangu ya kwanza. Nadhani uso ulishajibu. Akanipa taulo mbili, ndala na ufunguo wenye mpira wa kuvaa mkononi, akaniambia simu inabaki kabatini. Nilivua nguo nikiwa nimegeukia ukuta, nikajifunga taulo na bado nikaishika kwa mikono yote miwili.

Sasa sikieni upumbavu wangu. Kwetu huingii mahali watu wameketi, ukakaa kimya kama mbuzi. Unasalimia kwa mkono, mtu kwa mtu, ukianza na wazee. Nilifungua mlango wa chumba cha mvuke, nikaona vivuli vya watu kwenye benchi, na adabu ya mama yangu ikanitangulia. "Bonjour papa." Nikanyoosha mkono. "Bonjour papa." Wa kwanza alinipa vidole viwili. Wa pili alivuta taulo juu mpaka kifuani. Wa tatu akasema "pardon", sijui kwa kosa gani. Wa nne aliushika mkono wangu kwa nguvu, akaweka na wa kushoto juu yake.

"Asinge, mwana wetu," akanisalimia kwa Mashi, lugha ya kwetu, kisha akacheka. "Hii tabia ya kusalimia mutu na mutu, hata mu mvuke! Weye unatoka Bukavu."

Mungu wangu! Nilitamani ardhi inimeze.

Alinitoa nje, tukaketi kwenye baa ndogo ya mle ndani, akaagiza chai. Alikuwa na miaka kama sitini, tumbo mbele, kicheko karibu. Nimwite Papa Gaspard, si jina lake.

"Uko mutoto wa nani?"

Na mimi, mjinga mara ya pili, nikamtajia baba, nikamtajia hadi baba mdogo.

"Ee! Huyo tulisoma naye."

Chai ilinipalia. Akanipiga mgongoni.

"Unaogopa nini? Nikisema nilikuona, nitasema mimi nilikuwa wapi?"

Tulicheka mpaka watu wakageuka. Nikamweleza habari ya Nsimire, nikitumaini ataniambia niache.

"Oa," akasema. "Mimi nilioa. Bibi muzuri, batoto batatu. Banakuheshimu." Akazungusha kikombe. "Bibi iko mu nyumba yetu, kule Bukavu, Kadutu, mpaka leo. Kila mwaka ananipigia: nimepaka chumba rangi, unakuja? Namwambia mwaka kesho. Iko miaka kumi na tisa nasema mwaka kesho. Anaombaka Mungu amuonyeshe kosa gani alinifanyia."

"Alikufanyia nini?"

"Hakuna kitu." Akajipangusa uso kwa taulo. "Oa tu," akarudia, lakini sauti ilikuwa imeishiwa nguvu. Nilimwonea huruma, halafu hasira ikanishika.

Nilibaki mle mpaka jioni. Wengine mtataka kujua kulitokea nini. Niliketi. Kulikuwa na vijana, wazee, na bwana mmoja aliyesoma gazeti lililolowana. Kwa saa tatu sikuchunga sauti yangu, wala mikono, wala macho. Nilipumua, jamani. Nilitoka nikiwa na furaha mpaka nikaona haya.

Jumapili ya kurudi, wiki mbili zilipokwisha. Kigali, msitu, mpaka. Nilichojifunza nitakisema hapa, maana mbele sitaweza. Siri niliyodhani ni yangu peke yangu, nusu yake alikuwa anaibeba mtu mwingine bila kuambiwa ni mzigo gani. Kuusema ukweli kuna gharama: baba mdogo baadaye nilimwambia tu kwamba mimi ndiye nimerudi nyuma juu ya posa, na hadi leo nikiingia kwake anahamisha kiti chake mbali nami. Navumilia.

Sikupita nyumbani. Nilipanda pikipiki moja kwa moja hadi Nyantende, valizi ya nguo mapajani. Nsimire alikuwa nyuma ya nyumba anachambua maharagwe.

"Karibu, papa wa Ulaya!"

Niliketi chini karibu na ungo, nikamwambia yote, hata ule mlango nilioupita mara tatu. Nilimwambia sababu haikuwa yeye, na kwamba akiniona mbwa ni haki yake. Mikono yake iliendelea kuchambua. Kisha ikasimama.

"Miaka mbili najiangalia mu kioo," akasema polepole. "Unanishika mukono kama mutu anashika mugonjwa. Najiuliza: Nsimire, uko na nini?"

"Hauna kitu. Uko muzima. Uko muzuri."

Alilia, nami nikalia. Mama yake akaita kutoka jikoni.

"Sema tena," akasema.

Nikasema tena.