Mikono Miwili Mbele ya Hakimu

Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na mitatu nilipoajiriwa kuwa karani na mkalimani katika mahakama moja pale Tabora. Ilikuwa miaka ya kuhamia vijiji vya Ujamaa, na kila mtu aliitwa ndugu, hata mshitakiwa aliyesimama kizimbani. Kiingereza nilikipata shule ya wamisheni, Kinyamwezi nilikipata kwa mama yangu, na Kiswahili ndiyo lugha tuliyoamkia na kulalia mtaani kwetu Ipuli. Kwa hiyo kesi yoyote ambayo watu wake hawakuelewana iliangukia kwangu. Hakimu wetu alitoka mkoa mwingine; Kinyamwezi hakukijua, na Kiingereza alikisoma vitabuni tu, kikitamkwa na Mzungu kilimpotea.

Kesi iliyoujaza ukumbi asubuhi ile ilikuwa ya mama wa Kizungu, mwalimu mstaafu wa jiografia. Alikuja kutembelea nchi, akashuka garimoshi pale Tura na kuanza kutembea kwa miguu na mwongoza njia mmoja, akifuata njia ya zamani ya misafara kuelekea Tabora. Siku ya pili alikuta watu wakibomoa nyumba zao ili wahamie kijiji kipya. Mwanamume mmoja alikuwa juu ya ukuta, anakata kamba za paa lake mwenyewe kwa panga. Mama akampiga picha. Yule mwanamume akapiga kelele kwa Kinyamwezi kwamba aache. Mama hakuelewa, akapiga nyingine. Mwanamume akashuka, akaikamata kamera. Mkanda wake ulikuwa shingoni mwa mama, naye akaing'ang'ania. Panga lilishuka kwenye mkono wa kushoto wa mama, chini kidogo ya kiwiko, likafika mfupani.

Mwanamume hakukimbia. Mgambo walipofika walimkuta ameketi chini karibu na mwongoza njia, aliyekuwa akiufunga mkono wa mama kwa shati.

Alikiri kosa siku ya kwanza tu. Iliyobaki ilikuwa adhabu. Kwa kosa la kujeruhi vibaya sheria ilikuwa na kikomo cha juu, miaka saba, lakini haikuwa na kikomo cha chini. Hakimu angeweza kutoa mwezi mmoja au miaka yote saba.

Kabla mahakama haijaanza, bwana mmoja ambaye sikumfahamu alinisimamisha barazani. Alivaa suti ya mikono mifupi, kama wakubwa wa serikali, na viatu vilivyong'aa.

"Ndugu mkalimani," alisema, "wewe ndiye utakayemtafsiria mgeni?"

"Ndiyo, ndugu."

"Hawa wenzetu wana tabia ya kuombea watu msamaha. Akianza maneno ya huruma, si lazima uyamalize yote. Nje huko wanatuangalia. Lazima waone kwamba mgeni akiguswa hapa kwetu, tunaadhibu."

Alitabasamu, akaniuliza nimeajiriwa tangu lini, kisha akaingia ndani na kukaa benchi la nyuma. Swali lile la mwisho ndilo nililoingia nalo ukumbini.

Lakini kesi ya mama wa Kizungu haikuwa ya kwanza kuitwa. Iliyotangulia ilikuwa ya mjane kutoka kijiji kimoja cha wakulima wa tumbaku. Mumewe alipofariki, shemeji yake alitaka kumrithi. Mjane alikataa. Shemeji akadai shamba, nalo akakataa kulitoa. Siku moja shemeji alimvizia bandani, anapofunga tumbaku, akamkata panga mkono wa kushoto. Vidole viwili havikukunjika tena. Shemeji alikuwa amekwisha kutiwa hatiani, naye pia alingojea adhabu tu.

Hakimu alimuuliza mjane kama ana la kusema. Akasema mengi, kwa Kinyamwezi, bila kulia. Alieleza kwamba tumbaku hufungwa kwa mikono miwili na kwamba watoto wake wamejifunza kumvalisha kanga. Alisema kwamba shemeji yake anaishi hatua hamsini kutoka mlangoni kwake, na akitoka jela hatakuwa na safari ndefu.

Mwendesha mashitaka alikuwa akitazama saa. Ukumbi ulikuwa na joto, watu walimngojea Mzungu, na mimi nilikuwa namfikiria yule bwana wa benchi la nyuma. Nikafungua mdomo, nikasema, "Mheshimiwa, anaomba haki itendeke."

Maneno manne. Ndiyo niliyompa hakimu badala ya yote yale.

Hakimu alisema kwamba huu ni ugomvi wa kifamilia, kwamba wazee wa ukoo wamekuja kumwombea mshitakiwa, na kwamba ni kosa lake la kwanza. Akampa miezi sita. Mjane alinitazama ili nimwambie. Nilipomwambia, alirudia kwa sauti ndogo, "Sita?" kisha akaenda kuketi benchi la mbele, kando ya mama wa Kizungu, kwa kuwa hapakuwa na nafasi nyingine.

Walikaa hivyo, mmoja na mkono katika plasta nyeupe, mwingine na mkono uliofungwa kitambaa cha kanga. Mama wa Kizungu aliutazama ule mkono, akaninong'oneza kwa Kiingereza, "Huyu naye amefanywa nini?"

Nikamweleza.

"Na aliyemkata amepata muda gani?"

"Miezi sita."

Alitazama tena kile kitambaa cha kanga.

Kesi yake ikaitwa. Mwendesha mashitaka alisimama na kuzungumza kwa muda mrefu kuhusu jina la nchi, kuhusu wageni wanaokuja kwa amani, na kuhusu adhabu itakayokuwa fundisho. Akaomba miaka saba yote. Mshitakiwa alitazama miguu yake. Alipoulizwa kama ana la kujitetea, alisema, "Nilikuwa nabomoa nyumba niliyoijenga na baba yangu. Sikutaka mtu anitazame." Hayo niliyatafsiri kamili.

Hakimu akamgeukia mama wa Kizungu. Alisimama taratibu, akishika ukingo wa benchi.

"Nimeambiwa kwamba mwanamke huyu niliyeketi naye amekatwa kama mimi," alisema. "Mkono wangu ulikatwa kwa hasira ya dakika moja. Wake ulikatwa kwa kukusudia. Mahakama imesema mkono wake una thamani ya miezi sita. Sijui sheria za hapa, lakini siwezi kurudi kwetu nikijua kwamba wangu ulipewa miaka saba kwa sababu ya rangi yangu. Naomba mpime sawa."

Kisha akakaa, na ukumbi wote ukanigeukia mimi.

Nakumbuka feni iliyokuwa ikilia juu yetu. Nakumbuka bwana yule akiinua kidevu kidogo. Nilijua Kiswahili cha kila neno alilosema mama, na nilijua pia jinsi ya kulifupisha, kwa kuwa nilikuwa nimetoka kufanya hivyo nusu saa kabla. Baba yangu alikuwa mgonjwa, na mshahara wangu ndio uliotulisha nyumbani. Nikatafsiri yote, pamoja na miezi sita, pamoja na rangi. Halafu, kwa kuwa mjane alinivuta gauni akiuliza, "Amesema nini, mwanangu?" nikamrudia yote kwa Kinyamwezi.

Nilidhani atashukuru. Alisimama.

"Mwambie hakimu," alisema, "huyu mama ana moyo mzuri, lakini anaomba vibaya. Anaomba mkono wake upunguziwe miaka ufanane na wangu. Kwa nini asiombe wangu uongezewe ufanane na wake?"

Mtu mmoja nyuma alicheka, akanyamaza haraka. Hakimu aligonga meza na kuniuliza mjane amesema nini. Safari hii nilitafsiri kila neno. Nikaongeza, "Na mheshimiwa, maneno yake ya kwanza sikuyaleta yote. Kosa ni langu."

Hakimu alivua miwani. Aliahirisha kwa saa moja.

Aliporudi alimpa mshitakiwa miaka miwili. Alieleza kwamba sheria inapima jeraha na nia, wala haiulizi majeruhi ametoka nchi gani. Yule bwana wa suti alikuwa amekwisha kuondoka kabla hakimu hajamaliza kusoma.

Mchana hakimu aliniita ofisini. Nilikwenda nikiwa tayari kufukuzwa.

"Adhabu niliyokwisha kuitamka siwezi kuibadilisha," alisema. "Mahakama Kuu inaweza. Keti, uandike maneno yote ya mjane kama alivyoyasema. Mimi nitapeleka jalada wakalipitie."

Niliandika hadi ofisi zikafungwa. Mjane alikaa karibu yangu, akinirekebisha kila nilipokosea. Tulipofika mahali pa watoto na kanga, niliacha kalamu nikamwomba radhi.

"Shikamoo, mama. Nimekukosea."

"Marahaba," alisema. "Andika kwanza."

Barua ya onyo ilinifikia wiki iliyofuata: mkalimani asiingize maneno yake katika shauri. Ilikuwa kweli, nikaitia saini. Hakimu alihamishwa kabla ya mvua kuanza, kwenda wilaya ya mbali sana. Kama ni kwa sababu ya siku ile, hakuniambia, nami sikumuuliza.

Jibu la Mahakama Kuu lilichelewa. Shemeji alikuwa amekwisha kumaliza kifungo chake na kurudi kijijini, na mjane alilala kwa dada yake majuma mengi kwa hofu. Siku jalada liliporudi nililisoma nimesimama: miaka miwili, muda aliokwisha kutumikia uhesabiwe, akamatwe amalizie. Niliomba ruhusa, nikapanda lori la tumbaku hadi kijijini kumpelekea mjane habari mimi mwenyewe.

Nilimkuta kitaluni anamwagilia miche kwa mkono wa kulia. Nilimsomea jibu mara mbili. Aliuliza kama polisi wamekwisha kuja. Nikamwambia wako njiani. Akatazama nyumba iliyokuwa hatua hamsini kutoka pale, akaniambia nisiondoke kwanza, tukae wote hadi wafike. Tukakaa.