Marva wa Mapengo

Marva Hostetler aliendesha basi la shule katika kaunti yetu ya Ohio mpaka goti lilipomkatalia. Muulize mtu yeyote mjini, atakwambia ni mama mpole, mtu wa kanisani, mtengenezaji wa achari ya matango. Hao hawajakaa naye kwenye uwanja wa shule mwezi wa Julai, vikosi vya ngoma na tarumbeta vinapopita kushindana. Pale huwa mtu mwingine. Hupanda mpaka benchi la juu kabisa na goti lake hilo hilo bovu, na kijana akikosea kule kwenye nyasi, hana huruma hata chembe.

Sisi tunaokaa naye tunaitwa madinosaria, kwa sababu tumezeeka na hatupendi kitu chochote kilichobuniwa baada ya sisi kuacha kupiga. Mimi ni Duane. Nilipiga ngoma ujanani, na malipo yake ni sikio la kushoto lisilosikia. Mbele yangu hukaa Lyle, fundi bomba, anayebishana na watu asiowajua kwenye jukwaa la mashabiki la mtandaoni hata akiwa chini ya sinki la mteja. Ubavuni mwa Marva hukaa Jolene Ruckman, rafiki yake tangu shule ya msingi. Macho ya Jolene yana mtoto wa jicho, lakini masikio yake ni ya kuogopwa.

Kipaji cha Marva ni mapengo. Kikosi kikishalitengeneza onyesho lake la kiangazi, kila kijana ana njia yake uwanjani, hatua kwa hatua, na kwa kawaida hakuna mwingine aliyejifunza njia hiyo. Mmoja akiugua au akirudishwa kwao, wenzake hawasogei kuziba. Wanazunguka nafasi yake kama vile bado yupo. Ukikaa chini huoni kitu, lakini ukikaa juu, na una jicho la Marva, unaona mstari umeng'oka jino. Basi yeye huinuka na kupaza sauti: "Pengo! Mstari wa pili, kushoto!" Benchi zima hucheka. Tulimpa jina la Marva wa Mapengo, naye alilipenda kuliko lile alilobatizwa. Huyo aliyekosekana yuko wapi, na ana nini, hakuna aliyeuliza.

Kiangazi ninachokisimulia kilikuwa chetu hasa. Kikosi tunachokipenda, Vipanga, walikuwa wangali wanavaa zile kofia ndefu zenye unyoya ambazo vikosi vingine vimezitupa, na ndani ya kikosi kile mlikuwa na damu ya benchi letu. Dalton, mjukuu wa Marva, alikuwa mgeni, tarumbeta ya mwisho kabisa upande wa kushoto. Brielle, mjukuu wa Jolene, alikuwa nyota. Kwenye wimbo wa taratibu wa katikati ya onyesho alikuwa akitoka mbele na kupiga peke yake. Alikuwa na miaka ishirini na mmoja, na sheria haimruhusu mtu kupiga akishapita umri huo, kwa hiyo kiangazi hicho kilikuwa chake cha mwisho.

Mama yake Dalton alikuwa amekataa kata kata mtoto asiende. Alisema watoto hao wanalazwa kwenye sakafu za shule za watu na kukimbizwa juani na vyuma mdomoni, siku moja mmoja atakufa. Marva ndiye aliyemkalisha bintiye chini na kumwambia, "Mwache. Kikimpata kitu, nilaumu mimi." Maneno hayo alinisimulia mwenyewe, kwa majivuno.

Siku ya onyesho joto lilikuwa la kuyeyusha lami. Bendera ya shule ilining'inia kama taulo. Tulikuwa tumeshakula soseji zetu na maji ya limau yameisha barafu, Lyle akainua kichwa kutoka kwenye simu.

"Jamani, kuna mtu kaandika hapa kwamba mchana ambulensi imeingia pale Vipanga walipokuwa wanafanya mazoezi."

"Kaandika nani?" Marva akauliza.

"Anajiita Kelele Tupu."

"Si ndiye yule aliyesema mwaka jana Vipanga wanavunjika?" Jolene akadakia. "Tukakaa tunasubiri wavunjike mpaka theluji ikaanguka. Zima hicho kidude, Lyle, kitakuharibia siku."

"We yako umezima?"

"Tangu asubuhi, kama kawaida yangu. Sitaki mtu aniletee alama za vikosi vya Indiana kabla wa kwangu hawajapiga."

Hiyo ndiyo dini yake. Siku ya onyesho simu ya Jolene hulala chini ya mkoba, imekufa, asije akajua nani anaongoza wapi. Tulishamtania mpaka tukachoka.

"Wengine nao wanasema hivyo hivyo," Lyle akaendelea, na sauti yake sasa haikuwa na mzaha. "Huyu anasema aliyebebwa ni mpiga tarumbeta. Kafunikwa mataulo mpaka usoni. Anasema hakuwa anatikisika."

Mkono wa Marva ulikuwa ndani ya mfuko wa bisi. Ukabaki humo humo.

"Wa kiume au wa kike?" aliuliza.

"Hajasema."

"Muulize."

Lyle aliandika. Tulimsubiri Kelele Tupu, mtu tuliyemdharau miaka yote, kama watu wanaomsubiri daktari atoke chumbani. Hakujibu. Marva akampigia Dalton, ingawa alijua vizuri kuwa watoto huacha simu kwenye basi. Ililia hadi ikakata. Akapiga tena.

"Nashuka," alisema, akainuka.

Alikuwa amechelewa. Vipanga walikuwa wanaingia kwa lango la mbali, na vijana wa mlangoni wameshafunga kamba kwenye ngazi. Kikosi kikiwa uwanjani hakuna kupanda wala kushuka. Ni adabu ya zamani, na walinzi wake wakali ndio sisi. Niliwahi kumwona Marva mwenyewe akimzomea mwanamke mjamzito aliyetaka kwenda msalani.

"Kaa, mwenzangu," Jolene akamvuta kiuno. "Watapiga, watamaliza, tutashuka wote. Huyo wako utamkuta anakula."

Marva akakaa. Vipanga walitandazika kwenye nyasi, manyoya meupe kichwani, uso wa kila mmoja umemezwa na kofia. Mtu mmoja wa safu za chini, asiyejua lolote, akageuka huku anacheka. "Marva wa Mapengo! Haya, tuambie, leo liko wapi?"

Marva alikuwa ameshaliona. Hata mimi nisiye na jicho nililiona. Mwisho wa mstari, upande wa kushoto, pale alipopaswa kusimama Dalton, palikuwa na nyasi tupu.

Nimeshuhudia watu wakiogopa. Niliwahi kukwama kwenye ghala la mahindi linaloungua. Lakini sijaona uso ukibadilika kama ule. Rangi yote ilimtoka, midomo ikawa kama ya mtu aliyekula chaki. Ngoma zikaanza, benchi la bati likatetema chini yetu, na yeye akawa anautazama ule upenyo tu. Kila mstari ulipogeuka, upenyo nao uligeuka. Wenzake waliuzunguka kwa heshima, wakauacha wazi, wakaupeleka kutoka pembe hii hadi pembe ile, na Marva akaufuata kwa macho kama mtu anayefuata jeneza.

"Mama yake alisema," alinong'ona. "Alisema atakufa, mimi nikasema nilaumu mimi."

"Labda kifundo cha mguu tu," Jolene alimwambia, mkono wake umeshikilia wa Marva.

"Kifundo hakifunikwi mataulo."

"Basi joto. Joto linatibika, wanamwaga barafu, mtoto anaamka anauliza chakula. Sikiliza. Hata Brielle mwaka wake wa pili aliugua tumbo. Ulisimama hapa hapa ukapiga kelele 'pengo', si nilicheka?"

Marva alimgeukia. "Ulicheka kweli?"

"Sikucheka sana," Jolene alisema.

Tarumbeta zilivuma, watu wa chini wakasimama kushangilia, nami nikawa na hofu ya mtu anayetazama jambo lisilo lake na hawezi kuondoka. Nilitamani wamalize. Kwa maisha yangu yote ya kupenda mambo haya, sijawahi kutamani kikosi kimalize.

Kisha ngoma zikanyamaza. Wimbo wa taratibu. Kikosi kilipiga goti, na mmoja mwenye tarumbeta akatoka kati yao, akatembea mpaka mbele, akapanda kijukwaa.

"Huyo wangu," Jolene alisema taratibu. Hakuwa anaona zaidi ya doa jeupe, lakini aliijua nafasi. "Tulia sasa umsikilize. Atakupoza."

Tarumbeta ilianza vizuri, sauti laini inayopanda polepole. Ilipofika juu kabisa, ikapasuka. Ilijikusanya, ikaendelea, lakini ilikuwa imepasuka na kila mtu alisikia.

Jolene alikunja uso. "Hajawahi kukosea hapo. Amechoka, maskini. Joto hili."

Nilimtazama Marva kwa sababu alikuwa ameacha kuutazama ule upenyo. Alikuwa ameinama mbele, amekaza macho kwenye kile kijukwaa. Dalton alivunjika mfupa wa bega akiwa mdogo, alianguka kutoka darini kwenye zizi la bibi yake, na tangu hapo bega la kushoto hukaa chini kuliko la kulia. Akivuta pumzi, linachelewa. Yule kijana wa kwenye kijukwaa alivuta pumzi, na bega moja likachelewa.

Niliona furaha ikimpanda Marva. Ilimpanda wazi wazi, akafungua mdomo, karibu apige kelele kama zamani. Kisha akamtazama Jolene, anayetabasamu gizani mwake na kuupapasa mkono wa rafiki yake kumfariji, na mdomo ukafunga.

Kama Dalton yuko kwenye nafasi ya Brielle, basi Brielle hayupo kwenye nafasi yoyote.

Hakusema. Angesema nini, na kamba iko pale ngazini? Alikaa sehemu yote iliyobaki ya onyesho na siri hiyo, na sasa yeye ndiye aliyeushika mkono wa mwenzake, kwa nguvu, mpaka Jolene akasema, "Polepole, utanivunja vidole." Nilijua, naye alijua kuwa nimejua. Hatukuthubutu kutazamana. Kelele za mwisho zilipopigwa na watu wote wakasimama, Marva aliuchukua mkoba wa Jolene akauvaa begani kwake.

"Twende chini."

"Umepata nguvu, eh? Nilikwambia utam—"

"Jolene. Aliyepiga peke yake ni Dalton."

Watu walipiga makofi kutuzunguka pande zote. Masikio ya Jolene yalikuwa yameshamwambia, nadhani, pale sauti ilipopasuka, na yeye hakuyaamini.

"Basi wangu yuko wapi?" aliuliza, kwa sauti ndogo kabisa.

Sijui tulishukaje. Mimi nilimshika upande mmoja, Marva na goti lake upande mwingine, Lyle mbele akipiga watu vikumbo na kusema samahani. Jolene aliuliza swali hilo hilo kila ngazi. Nyuma ya uwanja, kati ya malori, mwanamke mmoja wa viongozi wa Vipanga alituona akaja mbio.

"Tumekupigia mchana kutwa, mama. Simu yako haikupatikana."

Jolene akatoa kitu kama kikohozi.

"Yuko hai," yule mwanamke aliharakisha kusema. "Yuko hapa. Alianguka kwenye mazoezi, akapoteza fahamu, tukawa... kwa muda tulidhani tumempoteza. Hospitali wamemrudishia maji, wamemruhusu. Tulimwambia alale hotelini, akakataa, anataka kusikia. Lakini hatapiga tena. Daktari amesema amemaliza."

Brielle alikuwa kivulini mwa lori la jiko, kwenye kiti cha kukunja, miguu ndani ya ndoo ya barafu, utepe wa hospitali mkononi. Midomo ilikuwa imepasuka. Jolene alimpapasa uso wote kwa viganja, paji, mashavu, kidevu, kama anayetafuta kitu kilichopungua, na alipomaliza akaanza upya. Dalton alikuwa amechuchumaa karibu, kofia magotini. Brielle ndiye aliyekuwa akimfundisha kile kipande jioni, kwenye sakafu za mazoezi, hatua na nota, akimwambia mwakani kitakuwa chako. Sasa mvulana hakuweza kumtazama mtu yeyote. Marva alimwekea mkono kwenye lile bega la chini, akauacha hapo.

Brielle hakuzungumzia hospitali wala kuanguka. Alimtafuta mmoja tu kati yetu kwa macho.

"Bibi Marva," alisema, na sauti ilikuwa ya kukwaruza. "Wewe ulikuwa juu. Walimleta Dalton kwangu, kwake kukabaki wazi. Ni kosa langu. Lilionekana?"

Lyle alifungua mdomo wake. Nikamkanyaga mguu.

"Nini kilionekana?" Marva akauliza.

"Pengo."

"Pengo gani, mjukuu wangu? Mimi sikuona pengo."

"Wewe? Wewe huona yote."

"Zamani," Marva alisema. Alipiga lile goti bovu kwenye changarawe, akaanza kumsogezea barafu miguuni kwa mikono yake mitupu. "Macho yamezeeka. Siku hizi mapengo siyaoni tena."